Hiari ya Mwenye Njaa

 

Nimekuja na maneno matatu tu: "Si alikubali mwenyewe?" Nimeyasikia hotelini, nimeyasikia matangani, nimeyasikia hata nje ya kanisa watu wakisubiri ibada ya pili. Husemwa taratibu, kama mtu anayefunga mlango usiku, na yakishasemwa hakuna anayeuliza tena. Leo naomba tuufungue mlango huo.

Siku yaliponikaa rohoni ilikuwa Februari 2023. Nilikuwa mjini Kericho, nimeketi hotelini na wenzangu, nasubiri chai na mandazi. BBC walikuwa wametoa filamu yao kuhusu mashamba makubwa yanayotuzunguka. Zaidi ya wanawake 70 waliwaambia waandishi kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kingono, katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Mwandishi mmoja alijifanya mtafuta kazi. Akaitwa kwenye mahojiano, akajikuta ndani ya chumba cha hoteli na mwanamume anayemtaka avue nguo. Bungeni, Mwakilishi wa Wanawake wa Kericho, Beatrice Kemei, alilisimamia jambo hilo, na uchunguzi ukaagizwa.

Pale mezani kulikuwa na mzee mmoja ninayemheshimu sana. Akasema, "Hao ni watu wazima. Si walikubali wenyewe?" Kijana aliyekaa kando yake akaongeza kwamba Marekani mtu mzima hufanya atakalo na mwili wake, huo ndio uhuru, sisi tunapigia nini kelele? Vichwa vikatikiswa kukubali. Mama aliyekuwa akitumiminia chai aliweka birika mezani, vikombe viwili vikiwa bado vitupu, akarudi jikoni bila kusema neno. Ilibidi tujimiminie. Birika lile sijalisahau.

Sasa, msikilizaji, usinielewe vibaya. Mimi uhuru wa mtu naupenda. Naamini anachokula mtu, anachoamini, anayempenda, anavyoishi na mwenzake ndani ya nyumba yao si kazi ya chifu, si kazi ya mchungaji, wala si kazi yangu mimi mwenye maikrofoni. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema hivyo: kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mtu, cha 32 kinalinda dhamiri na imani yake. Yule kijana hakukosea kusifu uhuru. Alikosea mahali pa kuutafuta. Aliutafuta katika neno "ndiyo", na mimi nadhani uhuru hukaa katika neno "la".

Twende shambani tukaone. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi umande bado uko juu ya majani. Mama amefunga aproni ya plastiki kiunoni, kikapu kiko mgongoni, vidole vinatafuta majani mawili na kichipukizi. Nani amempangia sehemu ya kuchuma? Nyapara. Sehemu moja ina chai iliyojaa, nyingine imechumwa juzi na haina kitu, na kilo zake za leo zinategemea kidole cha nyapara kilielekea wapi. Kwenye mizani, nani anasema majani haya yana maji mengi, tukate kilo mbili? Ni watu wa nyapara. Mkataba wa msimu ukiisha, nani anapeleka majina ya wanaobaki? Kisha jioni mama huyo anarudi nyumbani, na nyumba ni ya kampuni. Mtoto anasoma shule ya kampuni. Homa ikimpata anapelekwa zahanati ya kampuni. Kazi ikikatika Ijumaa, vyombo vinatoka nje.

Basi mwanamume mmoja ameshika sufuria, paa na daftari la mtoto wa mtu. Siku moja anamwambia, huku akitabasamu, mkono mtupu haulambwi. Mama anatazama chini. Anahesabu. Anakwenda. Halafu sisi hotelini, mandazi mkononi, tunasema alikubali.

Mama yangu mzazi ni mchuma chai pia, lakini wa namna nyingine. Ana mashina yake mwenyewe huko Bomet, kashamba kadogo, na majani yake anayapeleka kituo cha kununulia chai kama wakulima wengine zaidi ya laki sita wanaouza kwa viwanda vya KTDA. Nikiwa mtoto nilimwona siku moja akibishana na karani wa mizani. Karani alikuwa amesoma kilo, ameandika, na ameshaita mtu mwingine. Mama akarudisha gunia kwenye ndoano. Akasema, "Pima tena, mwanangu." Karani akacheka. Mama hakucheka wala hakupaza sauti. Alisimama tu mkono ukiwa juu ya gunia, na foleni nzima ikasimama naye. Karani akapima tena, na kilo zikaongezeka.

Kwa miaka mingi niliamini mama yangu ni shujaa kuliko wanawake wa mashamba makubwa. Siamini hivyo tena. Nimekutana na wengi wao, na ujasiri wao unazidi wangu mara kumi. Tofauti ni kwamba usiku ule mama yangu alilala chini ya paa ambalo halikuwa la karani. Angeweza kumkasirisha na bado uji ukapikwa. Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia hadi leo. Usiniulize kama alisema ndiyo. Niambie, angesema la, kesho yake ingekuwaje?

Na kuhusu nani ana paa na nani hana, tusijifanye hatujui. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliingia Sotik na bunduki. Katika miaka ya 1920 kampuni za chai zikapanda miche yao katika ardhi ambayo watu walikuwa wameondolewa. Mwaka 1934 sheria maalumu ilitungwa ya kuhamisha ukoo wa Talai, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa. Waliobaki bila ardhi, pamoja na wale waliotoka Kisii, Nyanza na Magharibi kutafuta kazi, ndio waliojaza zile nyumba za kampuni. Kwa hiyo hata "la" ina historia yake hapa kwetu. Wengine walirithi mahali pa kusimama wanapoitamka, wengine walinyang'anywa.

Turudi kwa Wamarekani, kwa kuwa kijana yule aliwataja. Wao wenyewe walibishana mahakamani miaka zaidi ya 30 kuhusu neno hili "kukubali". Mwaka ule ule wa 1905, jimbo la New York lilikuwa na sheria kwamba mwoka mikate asifanyishwe kazi zaidi ya saa 10 kwa siku, wala 60 kwa wiki. Joseph Lochner, mwenye tanuri katika mji wa Utica, alitozwa faini kwa kuivunja. Akapeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, akashinda, majaji 5 kwa 4. Walisema sheria hiyo inamnyima mfanyakazi uhuru wake wa kupatana na tajiri. Yaani mtu anayesimama mbele ya tanuri hadi miguu ivimbe ameachwa huru, kwa sababu alikubali mwenyewe.

Halafu akaja mwanamke anayeitwa Elsie Parrish. Alikuwa msafisha vyumba na mtandika vitanda katika hoteli moja mjini Wenatchee, jimbo la Washington. Sheria ya jimbo ilisema mwanamke wa kazi kama yake alipwe angalau dola 14.50 kwa wiki ya saa 48. Yeye alilipwa pungufu. Alipodai, jibu lilikuwa lile lile: mshahara aliuona, kazi akaifanya, malalamiko ya nini? Machi 1937 Mahakama ya Juu ilimpa haki. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes aliandika, kwa maana hii, kwamba wafanyakazi wanaopatana na mwajiri wakiwa hawana nguvu sawa na zake wanaweza kunyonywa, na sheria ina ruhusa ya kuwalinda. Mahakama hiyo ilikuwa imeuita unyonge kuwa ni uhuru, na mtandika vitanda ndiye aliyeikosoa. Kijana wetu wa hotelini angepaswa kumjua Elsie Parrish kabla ya kutuhubiria uhuru wa Marekani.

Mwaka huo huo wa 1937, wamisionari wa Kimarekani walikuwa wakianzisha hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet. Hao nao walikuja na maadili yao, na waliyafundisha kwa ukali: Mkristo hanywi pombe, Mkristo havuti tumbaku. Babu yangu aliyapokea. Alikuwa akisimulia alivyokwenda kwenye sherehe ya jirani, chungu cha pombe ya maiyek kimewekwa katikati, wazee wamekizunguka na mirija yao mirefu, akapewa mrija, akaurudisha. Walimcheka. Mmoja akamwuliza kama wazungu wamemkataza hata kiu. Babu akabaki pale, akala nyama, akaimba nao, kisha akarudi kwake ambako ng'ombe walikuwa wake na boma ni lake. Hakuna polisi aliyemlazimisha kuacha pombe, na hakuna mzee aliyeweza kumlazimisha kuinywa. Kwangu mimi hayo ndiyo maadili ya mtu binafsi: yalimgharimu, na aliyalipia mwenyewe.

Lakini huko Marekani kwenyewe walikuwa wamejaribu njia nyingine. Januari 1920 walianza kutekeleza marekebisho ya katiba yaliyopiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe nchi nzima. Miaka 13 baadaye, Desemba 1933, wakayafuta. Katikati hapo magenge yalitajirika, polisi walinunuliwa, na watu walikufa kwa kunywa spiriti za viwandani zilizotiwa sumu makusudi ili zisinyweke. Sisi tuna kisa chetu cha namna hiyo. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilitungwa mwaka 1980. Ilidumu miaka 30, na katika miaka hiyo yote chang'aa haikukosekana mtaani Nyagacho hata wiki moja. Mwaka 2010 sheria mpya, ile tunayoiita ya Mututho, iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kuuzwa kwenye chupa. Bado Mei 2014 pombe yenye sumu iliua makumi ya Wakenya, na Februari 2024 ikaua tena kule Kirinyaga. Na kila mara jibu ni msako: mitungi inapasuliwa, mama mpishi anapandishwa lori, mwenye mali haonekani.

Hapa, basi, nitasema jambo ambalo wachungaji wangu hawatalipenda. Mtu mzima akinywa kikombe chake kwa jasho lake, hilo ni lake na Mungu wake. Nimkanye kama ndugu, nimwombee, nimwonyeshe mfano wa babu. Nisimtumie askari.

Lakini tazama jasho lenyewe ni la nani. Mwezi wa kumi bonasi ya chai inapoingia, pitia masoko ya Bomet jioni uone. Majani yamechumwa mwaka mzima na mke, mgongo wake ndio uliobeba. Ila namba ya mkulima kiwandani iko kwa jina la mume, na akaunti ya benki ni ya mume. Fedha za miezi kumi na miwili zinayeyuka ndani ya siku nne. Mwulize mke: ulikubali? Atakuambia aliolewa. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa. Basi ugonjwa hauko kwenye kikombe peke yake, uko kwenye namba. Mpe mke namba yake, hata ya mashina mia mbili tu, uone ni pombe kiasi gani itanyweka bila ruhusa yake. Kwa hali ilivyo, mume anautumia uhuru wake kwa fedha za mwenzake.

Nimebakiza jambo gumu kuliko yote, na nalisema nikijua akina mama wakubwa wananisikiliza. Mwaka 2017 daktari Mkenya, Tatu Kamau, alikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji. Hoja yake ilikuwa hoja ya uhuru hasa. Alisema mwanamke mzima huruhusiwa kunywa pombe, huruhusiwa kuvuta sigara, huruhusiwa kwenda jeshini. Kwa nini akataliwe hili la mwili wake mwenyewe? Ni swali halali na sitalipuuza. Sheria hiyo inasema wazi kwamba ridhaa ya mwanamke si kinga kwa aliyemkata. Kwa mtu anayependa uhuru, maneno hayo ni mazito kuyameza.

Nimeyameza, na nitakwambia kwa nini. Sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachomwadhibu anayemtukana au kumdhihaki mwanamke kwa kuwa hajakeketwa: kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Waliotunga sheria walijua siri yetu. Walijua kwamba kisu kina kelele chache kuliko ulimi. Wewe unajua, nami najua, jinsi mwanamke mwenye watoto wawili anavyoweza kuitwa mtoto na wakwe zake. Wenzake wakiitwa kwenye sherehe yeye anaambiwa abaki na sufuria. Siku moja anachoka. Anasema haya, nikateni. Huyo tunamwita mtu mzima aliyechagua. Pima kwa kipimo chetu: angeendelea kusema la, maisha yake mle bomani yangekuwaje? Machi 17, 2021, majaji watatu waliitupa kesi. Hawakukubali kwamba mtu anaweza kuchagua kufanyiwa mila inayomdhuru. Na Katiba, kifungu cha 44, inasema mtu asimlazimishe mwenzake kufuata mila yoyote. Kulazimisha si kumfunga mtu kamba tu. Kumnyima mtu salamu ni kumlazimisha pia.

Wale mabinti wa Bomet wanaokaa likizo ya Desemba wakifundishwa na mama zao kila kitu cha utu uzima, kasoro kisu, wananipa moyo. Wanapata mila na wanabaki na "la" yao.

Kuhusu mashamba, hali haijawa nyepesi. Mei 2023, miezi mitatu tu baada ya filamu, watu walichoma mashine za kuchuma chai Kericho na mtu akapoteza maisha. Mashine zinapoingia, nafasi za kazi zinapungua, na kila nafasi inayopungua inaongeza bei ya kumkatalia nyapara. Starbucks, kampuni ya Kimarekani, ilisimamisha ununuzi wa chai kutoka James Finlay Kenya, na nafahamu kwa nini. Lakini chai isiponunuliwa, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni yule yule mama tuliyesema tunamtetea. Mashamba ya Finlay yameuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mwenye shamba amebadilika. Mizani iko pale pale na sehemu za kuchuma bado zinapangwa na mtu.

Sheria tunazo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamtaja mwenye mamlaka anayetumia mamlaka yake kutaka ngono, na inaliita kosa la jinai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri wa watu 20 au zaidi atoe sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Iulizie hiyo sera pale kazini kwako. Uliza imebandikwa wapi, na imeandikwa kwa lugha gani, maana sera ya Kiingereza iliyofungiwa ofisini haijamlinda mtu yeyote.

Nawe nyapara unayenisikiliza, na najua mko wengi na wengi wenu ni watu wema, kesho asubuhi panga sehemu za kuchuma kwa zamu, mbele ya watu wote, kila mtu aione zamu yake. Andika kilo kama mizani inavyosema. Ukimtamani mwanamke aliye chini yako, nyamaza, kwa sababu hana namna ya kukujibu kwa hiari.

Na wewe mama, dada, uliyekubali siku ile kwa sababu ya paa na ya mtoto: hukuchagua, ulibanwa. Kuna namba ya simu ya taifa kwa waliodhulumiwa, 1195. Inapokelewa usiku na mchana, haikati salio, na huhitaji ruhusa ya mtu yeyote kuipiga.